Motokaa ya Bwana Doti

Jumanne, 11 Septemba 1956

Ipo! Haikuuzwa, haikuoza, haikutupwa baharini. Motokaa ya Bwana Doti ipo Kigombe, katika banda la marehemu Mzee Safari. Mchuuzi wa samaki ameiona kwa macho yake, na anaapa kwamba magurudumu yote manne yapo. Nimechonga penseli mara mbili.

Niandike kwa utaratibu. Mwaka 1936 nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne. Mfanyabiashara mmoja wa Kijapani aliuza kanga Ngamiani, hapa Tanga; jina lake lilitushinda, tukamwita Bwana Doti. Mwaka huo alishusha bandarini motokaa ya mbio ya kwao: nyekundu, fupi, ya viti viwili, yenye paa la turubai la kukunjwa. Ilipopita njia ya Ras Kazone, hata Wazungu waligeuza shingo. Siku moja aliniruhusu nifute vumbi kwenye taa zake. Ya kushoto, kisha ya kulia. Miaka ishirini imepita, nami sijaona tena kitu kilichoundwa kwa akili timamu kiasi kile. Vita vilipokaribia aliondoka, akamwachia motokaa dereva wake, Mzee Safari.

Mzee Safari alifariki tarehe 5 Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Yeye na mkewe hawakujaaliwa watoto, na ndugu zake wamemwachia mjane, Bi Mboni, nyumba, banda na vilivyomo. Tatizo: Bi Mboni yumo edani. Mwanamume asiye maharimu wake haruhusiwi hata kukaa naye barazani.

Eda ni miezi minne na siku kumi. Kwa jedwali langu la falaki, itatimia Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 20, jua likizama. Ijumaa saa moja asubuhi nitakuwa mlangoni. Hakuna binadamu atakayenitangulia.

Alhamisi, 13 Septemba

Yuko atakayenitangulia! Uweso.

Uweso ni mtoto wa mjomba wangu, fundi wa baiskeli, na kwa hiyo ni mtani wangu kwa haki isiyo na rufaa. Leo kwa kinyozi, mbele ya watu sita, ameuliza kama kuna aliyesikia habari za kile kigari cha Mjapani. Nusu ya kichwa changu ilikuwa imekwisha kunyolewa. Sikuweza kuondoka kwa heshima. Nikasema sijui motokaa yoyote. Akasema uongo wangu una harufu ya petroli. Kinyozi alicheka hata akaweka wembe chini.

Aliposhiba kunidhihaki, akatupa neno moja zaidi: eti watu wa Kigombe mwezi wa Mfunguo Tano hawakuuona kwa ajili ya mawingu, wakakamilisha thelathini, kwa hiyo wako nyuma yetu kwa siku moja. Mbinu ya kitoto! Anataka nichelewe siku moja ili yeye apite. Mtani akikwambia jua linachomoza mashariki, toka nje kwanza ukahakikishe. Sikutoka. Jedwali langu halina mawingu.

Jumamosi, 15 Septemba

Balaa. Sabiha, mke wangu, amekuta karatasi ya hesabu ndani ya msahafu, mahali nilipodhani pana usalama zaidi kuliko pote. Kichwa cha karatasi: “Eda ya Bi Mboni, siku zilizobaki.” Chini yake siku zimepangwa safu kwa safu, kila iliyopita imekatwa kwa wino mwekundu.

Aliniuliza, kwa sauti ya chini mno, hii ni nini, Baba Haji. Nilijibu kwamba ni zoezi la darasa langu la sita. Akauliza kama darasa la sita wanamfahamu Bi Mboni. Nikasema mifano hai huwasaidia watoto kuelewa.

Ningeweza kumweleza kweli. Lakini Sabiha husuka nywele kwa dada yake Uweso, na siri inayoingia kwenye msuko ule hutoka upande wa pili ikiwa tangazo. Nimenyamaza. Chakula cha jioni: wali bila nazi. Katika miaka kumi na miwili ya ndoa yetu jambo hili halijapata kutokea.

Jumanne, 18 Septemba

Nimefikiri sana juu ya adabu. Mjane akitoka edani huvua nguo za msiba na kuvaa mpya. Kwa hiyo atakayetangulia na doti ya kanga ndiye atakayesikilizwa. Nimenunua doti moja, nyekundu, rangi ileile ya motokaa kwa kadiri ninavyokumbuka. Nimeificha nyuma ya vitabu vya jiografia.

Moyo unadunda bila sababu. Leo ubaoni nimeandika saba mara nane hamsini na nne, na hakuna mtoto aliyethubutu kunisahihisha.

Jumatano, 19 Septemba

Mwalimu mkuu, Bwana Manase, ni Msambaa wa Kilutheri mwenye huruma nyingi kuliko inavyohitajika. Nilimwomba ruhusa ya Ijumaa kwa dharura ya kifamilia. Akauliza kama ni msiba. Nikasema msiba unakwisha. Akanishika mkono, akaniombea papo hapo ofisini, macho yamefumbwa. Nilijisikia mwizi.

Nyumbani: doti haipo nyuma ya vitabu! Ipo juu ya mto wangu, imekunjwa vizuri kuliko nilivyoikunja. Wali bila nazi, na sasa bila chumvi.

Ijumaa, 21 Septemba

Nitaandika kwa ufupi kwa sababu goti linauma.

Niliteremka kwenye lori la mkonge Kigombe saa moja kasoro dakika tano. Kanzu nyeupe, kofia iliyopigwa pasi, doti mkononi, halua kwapani. Uweso hakuonekana. Ushindi! Nikapiga hodi. Akaitika Bi Mwatumu, wifi yake Bi Mboni, mama mtu mzima. Nikamwamkia shikamoo, nikaeleza kwa lugha fasaha kwamba nimekuja kuonana na Bi Mboni, maadam eda imekwisha.

Kisha mlango ukafunguka kwa upana wa jicho moja. Jicho lilinitazama kofia, likatazama doti, likatazama halua. Bi Mwatumu akaniuliza mimi ni mume wa nani, na mama yangu anajua niliko? Eda inakwisha leo jua likizama, si jana. Maji ya kumtoa hayajachotwa, udi haujawashwa, na mwanamume amekwisha simama mlangoni na kanga! “Njooni mumwone!” akawaita wenzake. “Mwenziwe hata kaburi halijaota majani!”

Walitoka wanawake wapatao tisa. Mmoja alikuwa na mwiko.

Mawingu yalikuwa ya kweli. Uweso alikuwa amesema kweli! Hakuna sheria ya utani inayoruhusu hila ya namna hiyo.

Nilikimbilia mlango wa kwanza niliouona wazi. Lilikuwa banda. Nikajikwaa, nikaanguka kwa goti, nikainua uso, na mbele yangu zilikuwa taa mbili za mviringo, ya kushoto na ya kulia.

Wekundu umefifia ukawa rangi ya tofali. Turubai limeliwa na panya. Kwenye kiti cha dereva alikuwamo kuku wa madoa, amelalia. Lakini mstari ule wa ubavu, unaoshuka taratibu kutoka mlangoni hadi gurudumu la nyuma, ulikuwa vilevile. Nilitoa leso, nikafuta taa. Sijui ni kwa muda gani. Nyuma yangu watu walikuwa wakipiga kelele, na kwa mara ya kwanza katika siku kumi moyo wangu haukudunda.

Aliyenitoa ni shekhe wa msikitini. Aliniuliza kwa upole nimefuata nini. Nikasema nimeifuata motokaa. Akatazama motokaa, akatazama kuku, akaitazama halua. Akasema kwamba ameamua mashauri ya waposaji tangu enzi ya Mjerumani, amesikia visingizio vya kila aina, lakini banda la kuku ni mara yake ya kwanza.

Nilirudi Tanga alasiri. Habari ilikuwa imefika tangu adhuhuri.

Jumamosi, 22 Septemba

Sabiha ameondoka alfajiri. Amevaa buibui jipya, amechukua doti. Nilimuuliza aendako. Akasema Kigombe, kwenda kumwona mwenziwe. Mwenziwe! Nilitaka kueleza. Akasema nimeeleza vya kutosha kwa kalamu nyekundu.

Uweso amepita mara tatu mbele ya nyumba akipiga kengele ya baiskeli na kuuliza bwana harusi ameamkaje.

Jioni hajarudi. Nimejipikia wali. Nimetia nazi. Haukunoga.

Jumapili, 23 Septemba

Saa kumi alasiri nilisikia kelele za watoto mtaani, kelele nilizozijua tangu mwaka 1936. Nikatoka. Ng'ombe wawili walikuwa wakiivuta motokaa ya Bwana Doti. Usukani ameshika Uweso. Kando yake ameketi Sabiha, wima kama malkia, na kuku wa madoa mapajani.

Ameteremka, akanieleza yote kwa pumzi moja. Aliwakuta wakimtoa Bi Mboni, akaingia na wanawake wenzake, akasaidia kufukiza udi. Wakanywa kahawa. Akamuuliza Bi Mboni kama ni kweli kuna motokaa. Bi Mboni akacheka hadi machozi: ana miaka anatafuta mtu wa kumwondolea lile dude, ajenge jikoni. Akachukua doti, akasema wamemalizana. Kahawa haijapoa. Uweso aliitwa baadaye, kama fundi, aje kushika usukani.

“Nyumba ya eda wanawake tunaingia na kutoka kila siku, Baba Haji,” alisema. “Ungeniambia siku ya kwanza, ungekuwa nayo siku ya pili.” Akaanza kulia, akaacha, akasema motokaa ni yake. Mimi naweza kukaa kiti cha kushoto.

Nikakaa. Leo wali una nazi.

Jumatatu, 24 Septemba

Nimeomba kuiona injini. Uweso akafunua boneti kwa madaha. Ndani: makumbi ya nazi na mayai matatu. Hakuna injini!

Nilimuuliza alijua tangu lini. Akasema tangu mwaka jana, alipokwenda kutengeneza kinu cha kukobolea mpunga huko Mkwaja. Mzee Safari aliiuza injini wakati wa vita, petroli ilipoadimika, na ndiyo inayozungusha kinu hicho mpaka leo. “Au tuseme mpaka juzi,” akaongeza. Mwenye kinu amefariki siku kumi na mbili zilizopita. Kinu kimesimama. Kila kitu kiko mikononi mwa mjane.

Sabiha alikuwa akikuna nazi. Akasema, bila kuinua kichwa, kwamba ana shoga yake Mkwaja, na akitumwa ataenda wiki hii. Nilimshukuru. Nikamwambia hakuna haraka.

Sipendi kumsumbua tena. Na jambo la injini ni la kitaalamu, linahitaji mtu wa hesabu. Nimefungua ukurasa safi. Marehemu alifariki tarehe 6 Mfunguo Tano. Eda itatimia tarehe 16 Mfunguo Tisa. Kosa la mara ya kwanza nimelibaini na kulirekebisha: nimeongeza juu yake siku moja kwa ajili ya mawingu.

Karatasi nimeificha ndani ya boneti, chini ya mayai. Kesho nitanunua doti.