Khalaf, Mwanampira wa Australia Pekee wa Ibra

Jumapili, 11 Januari 2026

Alhamisi klabu yetu inawatunuku wachezaji wa zamani. Wanaume watajaa sabla, ukumbi wetu wa mtaa, na wanawake ukumbi wa pili, wakisikia kila jina kwa kipaza sauti. Jina langu halimo. Langu! Mie Khalaf, mtu pekee wa Sharqiyah nzima, hapa Omani, aliyecheza mpira wa Kiaustralia!

Anayepanga majina ni Humoud, kaka yake mke wangu. Aliwahi kuwa namba tisa wa klabu, na mpaka leo anatembea hivyo hivyo. Nilimwendea kwa adabu. Akasema wao wanatunuku mpira, na ule wangu, wenye umbo la yai, ni watu wazima kugombania papai. Mbele za watu!

Nilisoma Perth, Australia, miaka ya tisini. Nikacheza msimu mzima timu ya chuo. Kikosi cha tatu, lakini hayo hayamhusu mtu. Ibra nzima ananiamini mmoja tu, Mabruka, mke wangu. Nataka alisikie jina langu likitajwa, hata mara moja. Sitaki jengine.

Jumatatu, 12 Januari

Picha yangu ya Perth nimeipata! Mashaallah! Niko hewani, goti juu ya bega la mtu, mpira mkononi, nyuma yangu milingoti ya goli. Humoud akiiona hii hana la kusema.

Tatizo kaptura. Wale wenzetu kaptura zao fupi mno, na fulana hazina mikono. Mapaja yote nje! Nitaitundikaje sabla, mbele ya masheikh na baba mkwe? Badala ya makofi nitapigiwa astaghfirullah.

Nikaenda kwa Alyaa, binti wa ndugu yangu, ana studio ya picha sokoni. Akanipa shikamoo, nikampa kazi. Nikamwambia anisitiri kwa kanzu, shingoni mpaka vifundoni. Akauliza rangi gani, ami. Nyeupe, rangi gani tena? Na kofia pia. Mtu na heshima zake hasimami kichwa wazi.

Jumatano, 14 Januari

Picha tayari. Alyaa anasema mtu wa kanzu kumpanda mwenziwe begani haikupendeza, kwa hivyo yule mtu kamtoa. Alipomtoa nikabaki naning'inia kama jini, kwa hivyo kaniteremsha chini. Mpira nao kaufuta, alidhani doa. Sasa nimesimama wima baina ya milingoti, vazi jeupe refu, kofia nyeupe, mikono mbele. Nimependeza! Hata mwenyewe sikujua.

Humoud aliitazama sana. Akasema huyu anaweza kuwa mtu yeyote, popote. Nilete shahidi.

Shahidi? Hajui anacheza na nani! Nikaendesha gari moja kwa moja mpaka Bidiya, nikaulizia kambi za watalii jangwani moja baada ya moja. Nikampata mzee wa Kiaustralia, Trevor, ndiyo kwanza anashuka kwenye Landkruza, mchanga mpaka masikioni. Nikamwalika. Kafurahi mno. Habari ya picha sikumgusia. Nataka mwenyewe aitambue, Humoud ashikwe na haya.

Ijumaa, 16 Januari, asubuhi

Lo! Niandikeje haya?

Jana sabla ilijaa. Halua ikapita, kahawa ikapita, picha yangu ukutani. Trevor akapelekwa mbele, akavaa miwani, akaitazama. Uso ukamchangamka. Akasema kwa sauti:

"Huyu namjua! Huyu refa wa goli!"

Akaeleza kwamba enzi zile kwao refa wa goli alivaa koti jeupe refu na kofia nyeupe, akasimama baina ya milingoti na bendera zake, na alilosema ndilo. Humoud akatafsiri kila neno kwenye kipaza sauti. Watu wale niliwasahau kabisa! Msimu mzima walikuwa mbele ya macho yangu!

Nifanyeje? Niseme mie ni yule wa kaptura, na kanzu nimevishwa sokoni? Mbele ya baba mkwe, kikombe cha kahawa mkononi? Nikasema naam, ndiye mie.

Humoud akanikumbatia. Akasema kumbe shemegi yake alikuwa mtu wa haki, na miaka yote kanyamaza kwa unyenyekevu. Akalitaja jina langu na la baba yangu na la babu yangu. Upande wa wanawake vigelegele! Machozi yakanitoka. Ya furaha, si ya kitu chengine.

Leo alasiri wakongwe wetu wanacheza na wakongwe wa Nizwa. Kwa heshima yangu, refa mie.

Jumamosi, 17 Januari

Jana nilitoka na kanzu nyeupe na bendera mbili. Humoud alifunga goli, la pekee. Wageni wa Nizwa walikosa mara saba, mpira ukipita nje kidogo ya mlingoti. Kila walipokosa nilinyanyua bendera. Watu walidhani najipepea.

Filimbi ya mwisho, nikatangaza: Nizwa saba, Ibra sita. Kwa Waaustralia goli ni pointi sita, na kukosa kwa karibu ni pointi moja. Refa anahukumu kwa sheria anayoijua! Watu wa Nizwa hawakuuliza hata neno. Walichukua ngao ya ushindi, wakapanda basi, wakaenda zao. Humoud haniamkii. Wivu tu.

Nyumbani Mabruka alikuwa anakunja nguo. Alipomaliza akasema:

"Khalaf, kumbe hukucheza? Na mie miaka yote nawaambia watu mume wangu kacheza."

Iliniuma. Kweli ilikuwa hapa, mdomoni. Neno moja tu, na picha halisi ningemwonesha. Mke wangu, hata kaptura si kitu.

Nikamwambia nilicheza, na urefa nilifanya. Siku moja. Mechi moja. Fainali.

Akanitazama sana, kisha akauliza nani alishinda.

Maswali mengine jamani! Mchezaji mie, refa mie!