Miswala Mia Mbili Kutoka Guangzhou

Jumatatu, 12 Januari 2026
Redio asubuhi: uchumi wa China unapaa, karibu utaipita dunia nzima. Uipite kwenda wapi? Mchina mwenyewe yuko hapahapa Kariakoo, fremu ya pili kutoka kwangu, anauza miswala! Anajiita Sofia. Kila siku shikamoo baba Ummy, shikamoo baba Ummy. Naitikia marahaba kwa nusu mdomo. Dola kubwa gani hiyo inayokuja kugombania wateja na mimi Zahoro?

Shehe Abdulmajid anataka miswala mia mbili kabla ya Ramadhani. Ametuambia sote wawili tulete, atachagua. Msikiti wangu wa miaka thelathini, nishindanishwe na mtu asiyejua hata kibla! Dawa ninayo. Naagiza kiwandani mwenyewe, kulekule anakoagiza yeye.

Jumatano, 14 Januari
Mtaji umepatikana. Nimeuza friji la Zena, lile la barafu za ubuyu. Mke wangu kaniuliza watoto wa shule atawauzia nini sasa, upepo? Nimemwahidi jipya kabla mwezi haujaandama. Kasema tutaona, baba Ummy. Hiyo tutaona ya Zena naijua.

Miswala yangu ina dira kichwani: sindano ikitulia kaskazini, mshale mwekundu unakuonyesha kibla. Sofia hana! Kiwandani wakaniuliza, kwa tafsiri ya simu, mshale waupime kutokea wapi. Nilicheka mpaka kahawa ikanimwagikia. Mnarusha roketi, hamjui kupima Makka? Nikawajibu: pimeni hapohapo mlipo, msinisumbue.

Jumanne, 27 Januari
Mzigo umeshuka kwa ndege. Laini kama nini! Nimepita nao mbele ya fremu ya Sofia mara nne. Mara ya nne sikuwa hata na shughuli. Kashika mswala mmoja, kaugeuza huku, kaugeuza kule, kaniuliza kama nimeujaribu. Wivu! Nimemwambia ajaribu vya kwake.

Ijumaa, 30 Januari
Ya Rabi, nistiri.

Shehe alitaka watu waione kabla ya hotuba. Nilitandika safu nzima ya mbele kwa mkono wangu, nikifuata mshale. Safu ikatazama Magomeni! Mihrabu ikawa ubavuni. Mzee Khalfani akauliza kwa sauti, eti Zahoro anatusalisha kuelekea kwa wakwe zake? Msikiti mzima ukacheka. Siku ya Ijumaa, astaghfirullah!

Shehe akaichunguza dira, akasema mshale hauna kosa hata kidogo, kwa mtu anayesali Guangzhou. Unaona Wachina hao? Nawaambia Makka, wao wanaitazama kutoka kwao! Nchi kubwa kiasi hicho, hamna hata mmoja wa kuifikiria Kariakoo. Shehe kanipa mpaka Jumatatu niirekebishe miswala. La sivyo, Sofia.

Zena kauliza friji linakuja lini. Nikajifanya nasoma uradi.

Jumapili, 1 Februari
Leo Sofia kaja nyumbani na mikasi miwili. Nilidhani kaja kunicheka. Kumbe anamtafuta Zena: tangu barafu za ubuyu zikatike, anasema, joto la Kariakoo litamuua. Wakakaa barazani, wakafumua dira zote mia mbili, wanacheka tangu adhuhuri hadi alasiri kama waliotoka tumbo moja. Nimesikia jina langu mara nyingi.

Shehe kaichukua miswala yote. Friji jipya limeingia kabla ya magharibi. La Kichina! Sikulitazama.

Asante sikumpa mtu. Kukata uzi ni ufundi gani? Hata mimi nilikuwa nakaribia kuwaza hilo.

Jumanne, 3 Februari
Baada ya alfajiri, nikiwa bado juu ya mswala, wazo limeshuka. Saa za ukutani zinazoadhini zenyewe! Ramadhani nzima, nyumba gani haitaki? Sofia hana.

Nimeshaandikia kiwanda kingine, maana wale wa kwanza wazembe. Safari hii sikuwaachia upenyo wa ujinga. Nimewaamuru kila saa waitegeshe kabisa, wafuate majira ya hapohapo kiwandani, adhana zote tano, ifike Kariakoo ni kutundika tu.

Zena kaenda Ilala sokoni. Mwenye mkokoteni yuko mlangoni, analalamika kwamba friji hili ni zito kuliko lile la kwanza. Nimemwambia apunguze kwanza barafu za Sofia.