Mradi Uliolipeleka Kanisa Kwenye Mapaa ya Nagaa Tawadros

Mheshimiwa mwakilishi wa Baba Askofu. Padri wetu mpendwa, Abuna Bisada. Waheshimiwa mashemasi, wakubwa kwa wadogo. Mheshimiwa mkuu wa kijiji chetu cha Nagaa Tawadros, Haji Abdel-Mawgud, ambaye ni Mwislamu lakini kiti chake kimewekwa mbele kuliko changu. Akina mama, akina baba, na ninyi mliokaa ukutani ilhali viti vipo: itifaki imezingatiwa. (Makofi machache.)

Mimi, Mhandisi Wasfi Ghattas, Mwenyekiti wa Kamati ya Kuratibu Mwendelezo Endelevu wa Uaminifu wa Waumini Wakati wa Maradhi, nasimama mbele yenu siku hii ambayo milango ya kanisa imefunguliwa tena, baada ya homa ile iliyotufungia majumbani, ili niwasilishe mafanikio ya mradi wetu wa kidijitali uitwao Sauti Moja, uliolenga kufunga kipaza sauti na skrini katika kila nyumba, muumini asali sebuleni kwake bila kupoteza imani, mawasiliano, wala kandambili. (Sauti kutoka ukutani: "Nyumba ya nani hiyo?") Maswali mwishoni.

Tathmini shirikishi inaonyesha kwamba kabla ya homa mahudhurio yalikuwa asilimia sitini, na kanisa lilipofungwa yakapanda hadi asilimia mia moja na nne. (Abuna Bisada: "Hao wa juu ya mia ni akina nani, Mhandisi?") Ni ziada, Abuna. Mradi wowote wenye afya huwa na ziada.

Mtakumbuka Jumapili ile ya kwanza, Abuna alipopanda juu ya paa la kanisa na shemasi mmoja, akaanza kuimba sala kwa koo lake mwenyewe, nanyi mkapanda mapaa yenu, kila familia kwake katikati ya mabanda ya njiwa, mkawa mnaitikia "Bwana, utuhurumie" nyumba hadi nyumba mpaka kwenye mashamba ya miwa. Hayo, ndugu zangu, kitaalamu huitwa majaribio ya mfumo. Kamati iliyaona na kuyaidhinisha. (Um Sidhom, mjane anayeishi mkabala na kanisa: "Iliyaona kutoka wapi, mwanangu? Si ulikuwa Aleksandria kwa dada yako, unakula samaki?") Niliyaona kimkakati, mama. Na ilikuwa Kwaresima, ambapo kwetu hata samaki hawaliwi; sikuwagusa. (Kicheko kirefu.)

Ikajitokeza changamoto ya upepo, uliokuwa ukiibeba sauti ya Abuna na kuipeleka kwa ng'ombe wa Haji. (Haji Abdel-Mawgud: "Wametulia sana tangu hapo.") Ndipo Um Sidhom, bila kuandika andiko la mradi, akatwaa sufuria yake ya maharage akawa anaipiga kitako kwa mwiko kila ilipofika zamu ya kuitikia. Kuanzia leo sufuria hiyo itatambulika rasmi kama Kituo Kidogo cha Matangazo. (Um Sidhom: "Itatambulika ikiwa jikoni kwangu. Hamuichukui.")

Sasa nagusia Ijumaa Kuu. Wote mnamfahamu Ami Halim, fundi viatu, anayeishi peke yake na ambaye tangu ujana wake huitikia akiwa nyuma ya watu wote, kwa sauti ambayo kamati inaiheshimu. Siku hiyo kijiji kizima kiliitikia, kikanyamaza, na nyuma yake hakikufuata kitu. Um Sidhom akashusha mwiko. Abuna akakatisha wimbo. Mapaa yote yakageukia paa moja tupu, wakaita, "Halim! Ewe Halim!", na hakuna aliyejibu. Sidhom, mwanawe Um Sidhom, na mwana wa Haji wakalaza ngazi ya Haji kutoka paa hadi paa, wakavuka, wakamkuta ameanguka kwenye ngazi za nyumba yake, mwili unawaka homa. Wakamwahisha hospitali. Mimi naiita hiyo tahadhari ya mapema.

(Ami Halim, kutoka kitini pake: "Mimi naiita majirani. Nilikuwa nimelala pale nawasikia wakiimba, nikajisemea, leo nimekufa, hawa watagundua lini? Kumbe walikuwa wananisubiri." Watu kadhaa wanafuta macho. Mhandisi anapangusa miwani yake kwa muda mrefu.)

Naam. Hilo... hilo pia limo kwenye ripoti. Au karibu limo.

Kwa kumalizia, naomba tuitikie pamoja: Sauti Moja! (Watu: "Sufuria juu!") Imani na teknolojia! (Watu: "Sufuria juu!") Inatosha, ujumbe umefika.

Namshukuru Baba Askofu kwa baraka zake, Abuna kwa koo lake, na Haji kwa ngazi yake. Naishukuru kamati nzima, yaani mimi, kwa kuwa wajumbe wengine bado hawajateuliwa. Nanyi waumini nawashukuru kwa uvumilivu wenu. Na endapo kuna yeyote kati yenu aliyewahi kuona kipaza sauti cha mradi huu, hata kimoja, tafadhali anionyeshe kabla ya chakula cha mchana, maana mgeni wetu, mwakilishi wa Baba Askofu, amekuja kukizindua na mimi mwenyewe sijawahi kukiona.

(Makofi ya nguvu.)