Marufuku ya Uchovu Kiongoroni

Kwa heshima na taadhima, mwaka 1958, Serikali iliwatangazia watu wa Kiongoroni, kijiji cha wakata mikoko, kwamba uchovu umefutwa.

Tangazo lilisomwa na mkalimani Mwinyimvua, kifua mbele, kaptura imepigwa pasi hadi ikasimama. Bosi wake, Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, Mzungu, alikuwa amesoma gazeti la Ulaya. Humo iliandikwa kwamba wataalamu walijaribu kutengeneza nguvu kama ya jua: chembe mbili zikigandamizwa zikawa moja, nguvu hutoka, tena tele. Gazeti hilohilo lilisema nguvu haizaliwi wala haipotei, huhama tu.

"Kwa hiyo," alitangaza Mwinyimvua, "anayedai nguvu zimemwishia anaizulia Serikali. Mapumziko ya adhuhuri yamefutwa. Aidha, shehena za mashua mbili zitaunganishwa katika mashua moja, ili nguvu itoke."

"Itakwama, bwana mkubwa," alisema Sadala, nahodha wa mashua ya wakata mikoko.

"Sayansi haikwami."

Zamda, mkewe Sadala, akadakia. "Mume wangu akirudi hana nguvu hata ya kunawa mikono. Basi zinahamia wapi?"

"Swali lako limepokelewa, mama," alijibu Mwinyimvua, akafunga mkutano.

Kesho yake Bwana Shauri alipanda mashua mwenyewe ashuhudie nguvu ikitoka. Aliketi kwenye kiti cha turubai juu ya rundo la boriti za mikoko, Mwinyimvua ameketi kando yake akimshikia mwavuli. Wanaume wakapiga pondo, ile miti mirefu ya kusukumia mashua, asubuhi nzima, jasho likiwachuruzika. Maji yalipoanza kupwa, mashua ikakita topeni, kimya.

"Sukumeni!" aliamuru Bwana Shauri.

Sadala akaweka pondo chini kwa adabu. "Nguvu zimehama, bwana. Sisi tumefanya kazi, nyinyi mmekaa. Kama hazipotei, basi mnazo nyinyi."

Mwinyimvua alitafsiri, akiomba moyoni awe amesikia vibaya. Bwana Shauri akatafakari, hakuona pa kutokea. Akavua viatu, akashuka. Mwinyimvua naye akakumbuka kwamba alikuwa amekaa. Akakunja mwavuli, akashuka.

Wakasukuma. Mashua haikusogea, wao ndio waliozama, tope likawafika kiunoni.

"Waambie," alihema Bwana Shauri, uso mwekundu kama kaa la moto, "mapumziko ya adhuhuri yamerudishwa! Mara moja! Sasa watuvute!"

Mwinyimvua akatangaza kutoka matopeni, kifua mbele.

"Alhamdulillahi," alisema Sadala. "Serikali ina huruma."

Akatazama juu, jua lilikuwa utosini. Akajinyoosha juu ya boriti pamoja na wenzake, kofia usoni, wakaanza kuitekeleza amri.