Maombi ya Mayai

Jumatatu, 6 Oktoba 2025. Kambu.
Kampuni ya Nairobi imenionya. Malalamiko yakiendelea kuwafikia hadi Jumamosi, uwakala wangu wa mashine za kuangua vifaranga umekwisha. Mutisya wa Kalamba kapiga simu kabla sijanywa chai. Mayai hayaanguliwi! Kana kwamba ninayataga mimi. Lakini kampuni kubwa huwapa watu wa nje kazi ya kusikiliza wateja. Nami nimempa shemeji Kavindu simu ya duka. Anaongoza akina mama wa maombi, ana sauti tamu. Kila mteja atampa alama, moja hadi tano. Nitampima kisayansi.

Jumanne, 7 Oktoba.
Wote wametoa tano! Furaha tele, mpaka nikaenda kumsikiliza. Anasalimia, anauliza habari za nyumbani, mbuzi, mvua. Kisha anayaombea mayai. Baada ya amina ndipo anaomba alama. Mkristo gani atatoa mbili baada ya amina? Nikabadilisha kipimo: simu ziwe fupi. Kavindu akauliza maombi ayakatie wapi.

Jumatano, 8 Oktoba.
Nimempiga chenga. Nilimpigia kwa laini nyingine, sauti nzito, nikajifanya mzee wa Nuu mwenye mayai yaliyooza. Alinipa pole. Akaniambia nifunike mashine na nisifunue hadi siku yake ifike, maana imani si kuchungulia. Akaniombea mimi, mke wangu na mbuzi nisio nao. Machozi yakanitoka. Nikatoa tano.
Baadaye nikapandwa na hasira. Shida yangu hajaitatua! Halafu nikakumbuka sikuwa na shida. Au ninayo? Nimechanganyikiwa.

Ijumaa, 10 Oktoba.
Mutisya amekuja dukani. Nilijificha nyuma ya magunia ya chakula cha kuku. Kumbe anamtafuta Kavindu, amemletea asali! Vifaranga wameanguliwa. Anasema tangu aambiwe afunike hajagusa kifuniko.
Sielewi. Mashine ni ileile, mayai ni yaleyale. Mimi niliwaagiza wateja wote wafunue asubuhi, mchana na jioni, wakague, kama afanyavyo mfugaji makini. Mashine yangu hapa dukani naikagua hata zaidi, na bado haijaangua. Basi ni maombi tu. Kesho nitaieleza kampuni kwamba wazo la Kavindu lilikuwa langu.

Jumamosi, 11 Oktoba.
Kampuni imepiga mapema. Malalamiko yamekwisha, wamefurahi mno. Nikaanza kushukuru. Wakasema uwakala wamempa Kavindu, maana wateja wote wanamsifu yeye.
Nilikaa juu ya gunia. Duka langu! Mashine zangu! Nikawaambia sikubali. Wakanijibu kwa upole kwamba mwenye lalamiko apige ile namba ya huduma kwa wateja.
Nikapiga. Kavindu akaniuliza habari za nyumbani. Nikamwambia zote, na uchungu wangu wote. Akasema nitaendelea kuuza dukani, yeye hana moyo wa kunifukuza, mradi wateja niwaache kwake. Akauliza mayai yangu yanaendeleaje, na kama yale ya Nuu yalipona. Ya Nuu kajuaje? Akasisitiza nifunike, nisichungulie. Akaniombea kwa muda mrefu.
Nikatoa tano. Ningefanyaje?
Nilipokata simu moyo ulikuwa mwepesi kabisa. Nikafunua mashine kuona kama maombi yamefika. Bado. Nitafunua tena nikimaliza chai.