Moja kwa Hamsini

Jumatatu, 28 Julai

Njia ya kuupata usimamizi imeonekana. Hatimaye!

Asubuhi Shangazi Genoveva alituita mie na Fredrick mlangoni mwa kitalu nyumba chake hapa Chamazi. Clara, binti yake wa pekee, anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Maua ya ukumbini hayanunuliwi. Yatatoka humu humu, kwenye jebera zetu, yale maua ya duara yenye rangi kama pipi. Kitalu hiki alikijenga marehemu baba yake Clara kwa mikono yake, na Clara kasema hataki ua la mtu mwingine. Harusi ikipita salama, mmoja wetu atakabidhiwa kitalu kipya cha Kinyerezi.

Mmoja wetu! Fredrick akakohoa. Yule na buti zake nyeupe anajiona keshafika Kinyerezi.

Kazi zetu ziko mbali kama mbingu na ardhi. Yeye anapima mbolea na kuikoroga kwenye ndoo. Mie nasimamia mashine. Mashine imefungwa kwenye bomba. Maji yakipita, inafyonza mbolea nzito ya ndoo na kuichanganya. Shangazi kaiweka moja kwa mia, yaani lita moja ya ndoo kwa lita mia za maji. Ndoo ya lita ishirini inatiwa kilo mbili. Nimepiga hesabu: ua linapata gramu moja kwa kila lita ya maji. Gramu moja! Hiyo si lishe, hiyo ni harufu.

Fredrick alipokwenda kunywa chai nikaizungusha namba. Moja kwa hamsini. Sasa ni gramu mbili. Jebera zitakuwa kama sahani za pilau, na Shangazi atauliza ni nani aliyefanya maajabu haya. Hapo ndipo nitakapoinamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Jumatano, 30 Julai

Majani yameiva kijani cha kutisha. Nimepita katikati ya matuta mikono nyuma, kama mkuu wa wilaya.

Dosari mbili tu. Kwanza, ndoo inaisha upesi. Fredrick aliniuliza kwa nini. Nikamwambia joto linakausha. Alinitazama, kisha akatazama koti lake alilovaa kwa baridi, lakini hakubisha. Ajabu! Fredrick hubisha hata akiambiwa leo ni Jumatano.

Pili, mfuko wa mbolea unapungua kama sukari kwenye msiba. Nadhani Fredrick anaiba. Shangazi alipouulizia mfuko sikusema kitu. Nilishusha pumzi tu, nikamtazama Fredrick kwa huzuni.

Clara alikuja jioni. Tuta la mwisho limekauka kwa sababu matundu ya mpira wa maji yameziba. Shangazi aliniagiza niyazibue tangu Juni. Lakini mtu wa hesabu kubwa hashiki sindano. Clara akachota maji kwenye pipa, akaanza kulimwagilia kwa kopo. Nikamwambia aache, ataharibu kucha na harusi ndiyo hii. Akasema baba yake alimfundisha kumwagilia hivi, kabla ya mashine, na kwamba vikao vya harusi vimemchosha, hapa ndipo anapopumua. Atakuja kila siku. Nimemruhusu.

Ijumaa, 1 Agosti

Ncha za majani zimekuwa kahawia.

Si zote. Nyingi. Nimechukua mkasi wa Shangazi nikazipunguza kingo, jani moja moja, mpaka mgongo ukaniuma. Kazi nzuri. Huwezi kujua.

Saa nne akaja Bi Mwajabu, mpambaji wa ukumbi. Mwenyeji wa hapa hapa Temeke, ulimi wake unakata kuliko mkasi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika huku anatazama matuta. Akauliza jebera zetu zimenyolewa denge kwa harusi ipi. Nikamwambia ni mtindo mpya wa Ulaya. Akasema huko Ulaya basi kuna njaa.

Fredrick alikuwa amesimama karibu. Sikumwona akicheka. Uso wake ulikuwa umesinyaa kama wa mtu aliyemeza mfupa. Nikajua: anauonea wivu ubunifu wangu.

Jumapili, 3 Agosti

Sikwenda kanisani.

Udongo umelowa, lakini maua yameinamisha shingo kama yana kiu. Juu ya udongo kumetanda ukungu mweupe. Nikaugusa, nikaulamba. Chumvi! Nikachukua kile kipimo cha chumvi cha Shangazi, nikakitumbukiza kwenye maji yanayotoka kwenye matundu. Kikasoma mara nne ya kawaida. Nikakipangusa kwa shati. Mara nne. Nikakitikisa. Mara nne tena.

Nikakaa chini nikapiga hesabu kwa kijiti. Kilo mbili, lita ishirini: gramu mia kwa lita. Gawa kwa hamsini. Mbili! Mara mbili ya kawaida, basi. Iweje nne? Nimerudia mpaka sakafu ikajaa namba. Hesabu iko sawa, kwa hiyo kipimo ni kibovu. Lakini maua nayo yamekubaliana na kipimo.

Ningemuuliza Fredrick kuhusu ndoo. Lakini nikimuuliza ya ndoo, ataniuliza ya mashine.

Nikairudisha namba kwenye moja kwa mia. Bado siku sita.

Jumanne, 5 Agosti

Nilidamka kabla ya watu ili nisafishe udongo kwa maji matupu, chumvi ishuke chini. Naingia, namkuta Fredrick ameshika mpira wa maji, suruali imekunjwa magotini. Tukatazamana. Akasema anaosha sakafu. Nikasema nami nimekuja kuosha sakafu. Sakafu yenyewe ni ya udongo.

Tukaosha pamoja mpaka kitalu kikawa bonde la mpunga. Vichwa vya jebera vinaelea. Kuna wakati Fredrick alifumbua mdomo kama anataka kuniambia jambo. Nami nilifumbua wangu. Kisha kila mtu akafunga wake.

Clara alipokuja alisimama mlangoni na kopo lake. Akavua viatu, akavuka matope hadi kwenye tuta lake la mwisho, akamwagilia, akaondoka. Alipopita karibu yangu aliniambia, "Kaka Benson, pole na kazi." Tangu hapo chakula hakipiti.

Alhamisi, 7 Agosti

Shangazi amekuja.

Alikuwa kwenye vikao wiki nzima, hakuwa ameingia kitaluni. Leo kaja na Clara na Bi Mwajabu wachume. Akatembea kutoka tuta la kwanza, polepole, mkoba mkononi. Nikasikia nailoni ya paa ikipumua. Akavunja jani moja. Likasagika kama chipsi.

Akauliza, bila kupandisha sauti, ni nani aliyegusa mbolea.

Nikatazama paa. Jasho likanishuka mpaka kwenye soksi. Ndipo Fredrick akapiga magoti, matopeni, na buti zake nyeupe. Akasema, "Mama, nisamehe. Mie ndiye. Nilikuwa natia kilo nne badala ya mbili. Nilitaka yakue upesi."

Kilo nne! Nilihisi mwanga umeniwakia kichwani. Kumbe hesabu yangu haikukosea! Furaha ikanizidi nguvu. Nikapiga makofi nikasema, "Nilijua! Kilo nne kwa moja kwa hamsini, lazima yaungue!"

Shangazi akanigeukia.

"Moja kwa ngapi?"

Bi Mwajabu akasema Alhamdulillahi, angalau hatukuwa watatu.

Shangazi hakututukana. Ingekuwa afadhali. Alikalia ndoo ya mbolea, akaufunika uso kwa khanga, akasema mumewe aliuza baiskeli yake kununua mabomba haya. Hapo hata mie nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo tukasikia Clara anaita kutoka mwisho wa kitalu. Tuta lake. Matundu yaliziba, mbolea haikufika, yeye ndiye aliyelinywesha maji ya pipa. Jebera zimesimama, nyekundu na za manjano, vichwa juu. Si kubwa. Lakini hai. Akamwita mama yake aje azione, na wote wawili wakalia. Fredrick naye akalia. Mie nilipenga kamasi kwa sababu ya vumbi.

Jumapili, 10 Agosti

Harusi imepita. Jebera zilitosha shada la bibi harusi na meza kuu. Ukumbi uliobaki Bi Mwajabu aliujaza vitambaa, makuti na asumini aliyoichuma kwa jamaa zake, na watu wakasema hawajaona ukumbi unaonukia vile.

Nilimfuata mshereheshaji nikamwomba atangaze kwamba maua ya meza kuu yameokolewa na Benson. Maana tufikirie: ningezibua yale matundu kama nilivyoagizwa, yangeungua yote! Akasema ratiba imejaa.

Wakati wa zawadi Shangazi alisimama na funguo za kitalu cha Kinyerezi. Nikanyoosha tai. Fredrick naye akanyoosha yake. Akampa Clara. Ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Clara akaziweka funguo kifuani, pale pale kwenye shada, akatazama juu kwa muda mrefu.

Nilipiga makofi kwa nguvu kuliko Fredrick. Watu wameona.

Jumatano, 13 Agosti

Fredrick anaosha ndoo. Yaani hiyo ndiyo kazi yake sasa, kuosha ndoo. Mie nimepandishwa: nimehamishiwa kwenye kuku wa Shangazi, nyuma ya nyumba. Mia tatu, wote wananiangalia kwa heshima.

Leo nimekabidhiwa dawa ya vitamini ya kutia kwenye maji yao. Shangazi amenishika bega, akaniambia nisibuni chochote. Pakiti imeandikwa kila kitu, kijiko kimoja kwa lita ishirini, nifuate maandishi tu. Nikamwambia asiwe na shaka, Shangazi, nimeshakuwa mtu mzima.

Kijiko kimoja! Kwa kuku mia tatu! Waoga hawa wa viwandani.

Lakini neno la mkubwa ni neno. Nitayafuata maandishi. Mara mbili.