Kabichi za Maji ya Kuogea

Jumatatu, 7 Septemba 1953. Yakobi.
Kiangazi kimekaza. Jumbe kaita mkutano. Anataka maji machafu ya nyumba zote yakusanywe shimo moja kubwa bondeni, kisha yamwagilie. Yamwagilie nini? Kinyungu cha shemeji yangu Sila, bustani yake ya kiangazi, kiko chini pale pale! Nikasimama. Nikasema kila nyumba ichimbe shimo lake, maji yabaki kwetu huku mlimani. Jumbe kanipa wiki mbili nimwoneshe. Esteria, mke wangu, akaongeza mbele ya wote kwamba nikishindwa, maji ya mtoni nitabeba mimi, kichwani, mpaka mvua zinyeshe. Vigelegele! Mwanamume mzima mimi!

Jumanne, 8 Septemba.
Nimechimba. Mawe chini, mchanga katikati. Juu yanatakiwa makaa ya kuchujia uchafu, lakini nani ahangaike kuchoma makaa wakati magome ya miti ya miwati yamejaa bure, tena yananukia? Nimejaza magome. Esteria akauliza, kama magome hayo hukaza ngozi ya ng'ombe, kabichi zetu zitakazomwagiliwa je? Nikamwambia zitakuwa imara.

Ijumaa, 18 Septemba.
Maji yanatoka mekundu kama chai. Mbolea hiyo! Ila hayatoshi. Leo nimeoga mara nne. Loo, baridi hii! Meno yanagongana tangu asubuhi. Sila kapita, akauliza naenda harusi ya nani.

Jumatatu, 21 Septemba.
Jumbe kaja kukagua. Katafuna jani la kabichi yangu, katema, kasema mkanda wake ni laini zaidi. Aibu gani hii! Halafu akazunguka nyuma ya jiko. Kumbe Esteria naye kachimba kishimo chake, mchanga na makaa ya jikoni, maji ya vyombo yanapita humo. Majani ya maboga mapana kama ungo! Jumbe akaamua: wa mlimani, kila nyumba na shimo lake, kama la Esteria. Wa karibu na mto watachimba la pamoja, maana ardhi yao imelowa, kila mmoja akichimba lake watafuga mbu. Nimeshinda! Nikarukaruka. Nikamkumbatia hata Sila. Esteria akanikabidhi ndoo.

Jumanne, 22 Septemba.
Nimekwenda mtoni mara tatu. Wanawake wananiimbia, nami naitikia. Shingo inauma, lakini raha tupu! Huko nimekuta wanakwaya wanafua kanzu zao. Kanzu thelathini! Povu lote lile linapotea bure! Kesho namwona mchungaji, tuchimbe shimo la kwaya nyuma ya kanisa. Kosa langu nimeshaligundua. Magome yalikuwa machache.